Jiko Kushoto, Choo Kushoto, Bibi Kulia

Bibi yangu, mzaa mama, hakupofuka siku moja. Macho yalimuaga polepole, kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Kwanza alipoteza vya pembeni, akawa anaona vya mbele tu kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kisha bomba likazidi kuwa jembamba. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Bibi akamjibu, "Mimi sijachelewa, mwanangu. Nimekuwa kwenye foleni yako tangu alfajiri."

Kazi yake ilikuwa kufuma masweta ya watoto wa shule. Hata giza lilipokamilika hakuacha. Alisema kufuma hakuhitaji macho, macho ni ya mnunuzi. Mfumaji anataka vidole na subira. Rangi tu ndizo zilizomshinda, na hapo ndipo aliponiita: "Kimya, huu uzi gani?" Namwambia wa bluu, au wa kijani, au namwambia huu ni ule mwekundu wa shule ya wenye magari, naye anajua autie kikapu gani.

Kimya ni mimi. Jina alinipa yeye, kwa sababu naweza kukaa naye chumbani tangu mchana mpaka jua linapozama asijue kama nipo. "Kipofu kupewa mjukuu bubu," husema, "sijajua kama ni adhabu au Mungu naye ana utani wake." Shule niliacha darasa la tano. Asubuhi huwa kiwandani napanga mikate kwenye makreti, mchana narudi nyumbani. Mama yangu ni dobi wa hospitali, anafua mashuka ya wagonjwa. Anatoka kabla hakujapambazuka, anarudi jioni na vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyesahaulika ndani ya maji.

Kwa hiyo asubuhi nzima Bibi alikuwa peke yake, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi, kwa sababu ya nyumba.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya chini, katika safu ya nyumba zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Bibi aliingia pale akiwa bibi harusi, mume wake akiwa fundi bomba wa kiwanda. Alizalia pale, akafiwa na mume pale, akapofukia pale. Giza lilipokuja lilikuta kila kitu kimeshapangwa kichwani mwake. Ukiingia kwa mlango wa mbele kuna ukumbi mwembamba: jiko kushoto, choo kushoto, chumba cha Bibi kulia, na mwisho wa ukumbi mlango wa uani. Alitembea humo kama unavyotembea wewe kwako. Alichemsha chai, aliosha vikombe, alikwenda msalani na kurudi, alinigombeza kwa kuacha kabati wazi kabla hajalifikia, sijui alilisikiaje. Siku moja mkusanyaji wa bili za maji alikaa naye, akanywa chai, akaandika karatasi zake na kuondoka bila kugundua kwamba mwenyeji wake haoni.

Nje ya mlango alikuwa kipofu. Ndani hakuwa.

Na kitu kimoja alikuwa hakitaki kabisa, kushikwa mkono. "Mtu akikushika mkono," alisema, "unafika anakotaka yeye."

Kisha mwenye nyumba akafariki, watoto wake wakauza safu nzima, na aliyenunua akataka kujenga ghorofa. Alimtuma kijana mmoja mpole, akapita mlango kwa mlango akituambia tuanze kutafuta mahali pengine. Alituomba radhi kana kwamba yeye ndiye mwenye tingatinga.

Usiku ule Mama alinifuata jikoni nikiosha sufuria, akafungua bomba ili Bibi asisikie. "Nyumba nitapata," aliniambia. "Nyumba zipo. Lakini bibi yako akitoka humu anapofuka mara ya pili. Safari hii atakayekuwa amemtoboa macho ni mimi."

Akaapa pale pale, mkono ukiwa ndani ya povu langu, kwamba hatuchukui nyumba yoyote ambayo Bibi hataweza kutembea mwenyewe.

Tukampata dalali. Mtaa mzima ulimwita Sasa Hivi, kwa sababu ukimpigia simu anasema "nafika sasa hivi," na ukimwona kabla ya jua kutua ushukuru. Alikuwa na funguo nyingi kiunoni, akitembea analia kama punda wa harusi. Nyumba ya kwanza aliyotupeleka ilikuwa ghorofa ya tatu.

"Nilikwambia ya chini," Mama alisema.

"Ya chini ndiyo hii, dada yangu. Kuna nyingine ziko ghorofa ya sita."

Nyumba ya pili ilikuwa chini kweli, lakini kati ya choo na jiko kulikuwa na ngazi mbili ambazo hakuna aliyeweza kueleza zinafanya kazi gani. Ya tatu ilikuwa nzuri. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu, alitupokea vizuri mpaka alipomwona Bibi akigusa fremu ya mlango.

"Huyu mzee haoni vizuri?"

"Haoni kabisa," Bibi alimjibu. "Ila nasikia vizuri mno, kwa hiyo uliza taratibu."

"Si kwa ubaya, mama. Ni gesi. Nyumba yangu ina gesi. Akiacha moto?"

"Nimepika kwenye giza zaidi kuliko wewe ulivyopika kwenye taa."

"Sina neno na wewe, mama yangu. Naogopa tu."

Bibi akavuta pumzi kwa pua, akageuka. "Twendeni. Hata hivyo nyumba yenyewe inanuka paka."

Tulicheka mpaka barabarani. Lakini ilikuwa hivyo hivyo kwenye nyumba ya nne, na ile iliyofuata. Mmoja alisema chumba kimeshachukuliwa, ilhali Sasa Hivi alikuwa bado ameshika ufunguo wake. Mwingine alituuliza, mbele ya Bibi, kama mzee akifariki tutamtolea mlango gani. Siku ile hatukucheka.

Kuanzia hapo Mama akaanza kumwacha Bibi nyumbani, na mimi nibaki naye. Alimwambia ni kwa ajili ya miguu yake. Bibi alijua si miguu. Alisema tu, "Basi nendeni, lakini mjue mnachotafuta." Akamfundisha Mama maneno, kama wimbo wa mtoto, ayaseme kila anapofika mlangoni: *Jiko kushoto, choo kushoto, mimi kulia.* Mama akawa anayasema hata akikoroga uji.

Siku tulizopewa zilipokaribia kwisha, nyumba nne za safu yetu zikiwa tayari hazina mabati, Mama alirudi jioni anakimbia. Hata viatu hakuvua.

"Mama, nimeipata!"

"Ipi?"

"Hii! Nimeipata hii hii! Upande wa pili wa reli, zile nyumba za ghorofa moja, yetu ya chini. Zilijengwa na mtu yule yule, kwa kiwanda kile kile. Sasa Hivi anasema ni pacha wa nyumba yetu, baba mmoja mama mmoja. Ukumbi ule ule, milango ile ile. Hata dirisha la jikoni linagoma kufunga kama hili!"

Akatuonyesha. Alisimama katikati ya ukumbi wetu, akafumba macho, akainua mikono. Alituambia kitasa cha mlango wa mbele kilikuwa kimekwama na ufunguo wake anao mwenye nyumba, kwa hiyo Sasa Hivi aliwaingiza kwa mlango wa uani, lakini haidhuru. Alipokanyaga ndani tu akasema yale maneno. Jiko kushoto, lipo. Choo kushoto, kipo. Bibi kulia, chumba hicho hapo, na jua linaingia asubuhi. "Nililia, Mama. Sasa Hivi alidhani nimekanyaga msumari."

Bibi akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata uso wa Mama, akaufuta machozi kwa kiganja. "Mwanangu," alisema, "umenibebea nyumba mgongoni."

Mama alilipa kodi ya nusu mwaka siku iliyofuata, ndivyo mwenye nyumba alivyotaka. Ilikuwa akiba yake yote, na mkopo kidogo kutoka kwa madobi wenzake.

Siku ya kuhama Bibi alikaa mbele ya gari pamoja na dereva, kikapu cha nyuzi mapajani, kitambaa kipya kichwani. Dereva alimuuliza anakwenda wapi amependeza hivyo. "Naolewa," alimjibu. "Ulichelewa wewe."

Mlango wa mbele ulikuwa umeshatengenezwa, uko wazi. Wapagazi walisimama na godoro ili Bibi apite kwanza. Mama akasema kwa sauti kubwa, mtaa wote usikie, "Haya Mama, ingia kwako. Asikuguse mtu."

Bibi alivuka kizingiti. Nilikuwa nyuma yake, nikamwona anavyobadilika: mabega yalishuka, kidevu kikainuka. Alipitisha mgongo wa mkono ukutani, akaupata mlango wa kulia, akauingia kwa mwendo wa mtu anayekwenda kukaa kitandani kwake. Ikasikika goti likigonga.

Nilipochungulia, alikuwa ameegemea sinki, mkono juu ya bomba la maji.

"Mwanangu," alisema, bila ugomvi wowote, "mbona mmeniwekea bomba chumbani?"

Mama aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akapita ukumbini mpaka uani, akatoka nje, akaingia tena kwa mlango wa nyuma, midomo ikisema yale maneno. Akatoka. Akaingia. Mara ya tatu hakuingia. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kichwani. Nyumba ilikuwa pacha kweli, lakini pacha wa kwenye kioo. Kutoka uani jiko na choo vilikuwa kushoto. Kutoka mlango wa mbele, anakoingilia Bibi na anakotembelea kichwani mwake miaka yote, vilikuwa kulia. Mama alikuwa ameyaimba maneno sawasawa, akiwa amesimama mlango usio wake.

Wapagazi bado walikuwa wamebeba godoro, wanasubiri kuambiwa waliweke wapi.

"Sijui mnalia nini," Bibi alisema. "Sweta mmelivaa ndani nje, basi. Sweta ni lile lile."

Lakini sweta unalivua na kuligeuza.

Ingekuwa nyumba ngeni kabisa, nadhani isingemtesa vile. Nyumba ngeni unaijia kama mgeni, unauliza kila hatua. Hii ilimdanganya. Umbali ulikuwa ule ule, upana wa milango ule ule, harufu ya saruji ile ile, kwa hiyo mwili wake uliiamini, ukaenda kwa haraka ya zamani, na kila ulipoenda ulikuta ukuta. Wiki ya kwanza aliingia jikoni akidhani ni chumbani, na chumbani akidhani ni msalani. Siku moja nilirudi kutoka kiwandani nikamkuta amesimama ukumbini, katikati kabisa, mikono imening'inia. Nguo ilikuwa imelowa. "Usiseme kitu," aliniambia. "Wewe si ndiye Kimya? Leo ndiyo siku yake." Nikapiga deki. Tukabadilisha nguo.

Kodi ilikuwa imeshalipwa na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kurudisha. Mama hakuwa na cha kuhamia kwingine. Lakini Sasa Hivi, ambaye naye alionekana kuumia, maana siku zile alifika kwa wakati, ndiye aliyesema, "Dada yangu, kama hii imegeuka, basi ya jirani imekaa sawa." Na kweli. Nyumba zilijengwa mbili mbili, zinatazamana, ngazi ya kwenda juu ikiwa katikati. Mlango wa mbele wa jirani ulikuwa hatua chache kutoka wetu, na ndani yake, jiko kushoto, choo kushoto, na chumba kulia.

Jirani huyo alikuwa Fundi Saa. Mtu mpweke, mwembamba, anayeongea kama mtu anayehofia kukuamsha. Kuta zake zote zilijaa saa za watu: za kuning'inia, za mezani, za ndege anayetoka kwenye kijumba. Mama alikwenda kumwomba wabadilishane nyumba.

"Nakuelewa, mama," alimjibu. "Lakini rafu hizi nimezipigilia mwenyewe, moja moja. Na saa hazipendi kuhamishwa. Ukizisogeza zinasahau."

Mama hakukata tamaa. Kila Jumapili aligonga tena. Alimfulia mapazia bila kuombwa, akamwacha fundi wa watu amesimama mlangoni na mapazia yanayong'aa, hajui afurahi au akimbie. Kazini alianza kuchanganya mashuka, akaonywa. Chakula alikuwa anakichezea. Akimwona Bibi anainuka, na yeye anainuka, Bibi akigeuka, na yeye anageuka, mpaka Bibi akasema, "Mwanangu, unanifuata kama deni."

Kisha Bibi akajimwagia maji ya moto, aliponyoosha mkono kutafuta meza mahali pasipo meza. Si mengi, lakini mkono ulitoka malengelenge. Mama alikuja na dawa na bendeji za hospitali, akamfunga, na usiku ule nikamsikia anaongea na ukuta: mimi, mimi, mimi.

Alichokuwa hakijui Mama ni kinachofanyika mchana.

Mchana Bibi alikuwa anasoma. Naliita kusoma kwa sababu sijui neno jingine. Alianza na bangili yake ya shaba, aliyokuwa akiivaa mkono wa kulia tangu ujana. Alinitaka nimpake sabuni, tukaivua kwa tabu, akaihamishia kushoto. "Sasa mkono wenye bangili ndio mkono wa chumba," alisema. "Mkono mtupu ndio wa jiko." Kisha alisimama mlangoni kwa mbele, akatembea. Akikosea anarudi mlangoni na kuanza upya, kama anavyofumua mstari wa sweta mzima kwa ajili ya kitanzi kimoja. Alijigonga, akatukana tusi dogo la zamani, akaomba msamaha kwa Mungu, akarudi mlangoni. Siku nyingine alinifukuza nitoke nje kwa sababu nilikuwa napumua kwa wasiwasi.

Na akaanza kuweza. Si kama zamani, si kwa haraka ile. Lakini nilimwona akitoka chumbani, bangili ikikwaruza ukuta, akafika msalani, akarudi, akakaa, akachukua sindano zake. Siku nyingine akachemsha chai. Aliniwekea kikombe mbele yangu, sukari imekorogwa vizuri, akasimama ameshika kiuno kama bondia. "Mke mwenzangu," ndivyo anavyoniita akifurahi, "kibibi chako kinasoma shule gani?"

"Ya wenye magari," nikamwambia.

"Usimwambie mama yako bado. Bado chai naimwaga kidogo. Nikishaweza kabisa nitamkaribisha mezani, aone."

Siku chache baadaye, jioni, tukasikia mlango unagongwa kwa kidole kimoja. Alikuwa Fundi Saa. Hakutaka kukaa. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nimefikiri," alisema. "Mimi nakaa na saa mia, lakini sauti ninayoisikia kutwa ni ya mzee akijigonga kwenye ukuta. Tangu asubuhi, gu, gu. Siwezi tena kufanya kazi. Nitahama niingie humu. Rafu ni mbao tu."

Mama alipiga magoti. Kweli, alipiga magoti sakafuni na kumshika yule mtu miguu, naye Fundi Saa akawa anarudi nyuma anasema jamani, jamani, inuka mama. Mama analia, anacheka. Sijawahi kumwona hivyo tangu kuzaliwa kwangu.

Mimi ndiye niliyesema. "Mama, lakini Bibi siku hizi anakwenda mwenyewe."

"Anakwenda kwa kugonga vichwa! Hukusikia?"

"Ameanza kuzoea. Zile gu gu ni..."

Nikauhisi mkono wa Bibi juu ya goti langu. Ulibana, na haukuwa mkono wa utani.

"Mwache," Bibi alisema kwa sauti ya sherehe. "Huyu mtoto hajui. Fundi, Mungu akuzidishie. Nyumba iliyokaa sawa! Nilikuwa naiota."

Walipotoka kwenda kupima kabati la Fundi, nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anaizungusha ile bangili mkononi, inakwama kwenye mfupa.

"Umemsikia mama yako akicheka?"

"Nimemsikia."

"Lini mara ya mwisho?"

Nilikivuta kikapu chake cha nyuzi, nikakiweka mapajani mwake.

"Mtu amekuvunjia chungu chako bila kukusudia. Amekesha, amehangaika, amekuletea kingine mikononi. Utamwambia umeshanunua?" Akaizungusha bangili tena. "Na huenda nitaikumbuka. Ile ndiyo nyumba yangu. Miguu haisahau."

Tulihama Jumapili, hatua chache tu, tunapishana na rafu na saa ukumbini. Saa za Fundi zilikuwa zinalia kila moja na wakati wake. Kitanda cha Bibi kiliwekwa kulia. Mama alimpeleka mpaka kizingitini, akamwachia, akarudi nyuma akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Haya, Mama."

Bibi aliingia. Bangili ilikuwa imerudi mkono wa kulia. Tulikuwa tumeirudisha asubuhi, kwa sabuni na damu kidogo. Alisimama. Niliona mkono wa kulia ukiinuka, ukasita. Wa kushoto ukainuka pia. Alisimama vile, mikono miwili hewani, kama mtu aliyeitwa na watu wawili kwa pamoja. Kisha akaenda kushoto, akaingia jikoni.

Mama alipiga hatua moja kuelekea mlangoni.

"Nilitaka kwanza nione jiko langu," Bibi alisema kutoka mle ndani, akicheka. "Hamjambo, masufuria?" Na kwa kuwa tayari alijua aliko, aliweza kutoka, akavuka ukumbi moja kwa moja, akaingia chumbani, akakaa kitandani. Akakipapasa. "Ee bwana," alisema. "Nyumbani."

Mama alilala usiku ule mpaka jua likamkuta. Aliwahi kuchelewa kazini mara moja tu maishani mwake, na ni siku ile.

Nimetazama tangu hapo, kwa sababu kutazama ndiyo kazi yangu nyingine. Miguu haikukumbuka. Au imekumbuka, lakini ikikumbuka hii, ile nayo inakumbuka, na zinagombana ndani yake. Akisimama mlangoni hajui yuko nyumba ya zamani, au ile ya kioo, au hii. Alijaribu bangili kulia, akajaribu kushoto, mwisho akaniambia niitie kwenye droo. Mchana nikirudi namkuta kitandani pale pale nilipomwacha alfajiri, sindano zinakwenda, ndoo pembeni ya kitanda, na mfuniko wake. Ndoo hiyo naimwaga na kuisuuza na kuirudisha uani kabla Mama hajafika. Tumepatana hivyo bila kupatana.

Mara moja nilimwambia, "Bibi, tuanze tena kama kule. Kutoka mlangoni."

"Kitambaa ukikifumua mara nyingi," alisema, "uzi unakuwa nyuzinyuzi. Haushiki tena." Akaniuliza kama uzi alioshika ni wa bluu. Ulikuwa wa bluu.

Jioni Mama anaingia, anaweka mfuko, anaita, "Mama, umeshindaje na nyumba yako?"

"Tumeshinda vizuri. Hata sufuria zinanijua."

Mama anacheka, anakaa karibu naye, anamweleza habari za hospitali, shuka gani limekuja na nini ndani yake, muuguzi gani amegombana na nani. Amenenepa kidogo. Madobi wenzake wamesema amepata rangi. Anachemsha chai, anammiminia Bibi kikombe cha kwanza, anamwekea mkononi, anarudi jikoni kupika huku anaimba.

Bibi anakishika kikombe kwa mikono miwili mpaka kipoe. Zamani alikuwa mtu wa vikombe vitatu. Siku hizi jioni hanywi, kwa sababu akinywa itabidi ainuke, na akiinuka Mama ataona. Anasikiliza kama Mama bado anaimba, kisha anakinyoosha kikombe upande wangu, taratibu, kisigonge kitu. Nakichukua, nakinywa mimi, namrudishia kitupu.

"Mama, nikuongeze?" Mama anauliza kutoka jikoni.

"Nimeshiba, mwanangu," Bibi anasema. "Ilikuwa tamu."